Makutano ya Reli Mezani kwa Baba

Baba yangu alifanya kazi reli, Malampaka, tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia: anavuta wenzo wa chuma kando ya reli ili treni inayoingia ishike njia aliyoagiza stesheni masta, siyo nyingine. Tulipokuwa wadogo tulijua jambo moja kuhusu kazi hiyo, kwamba baba akivuta vibaya watu watakufa. Hakuwahi kuvuta vibaya. Alilisema mara chache sana, na kila alipolisema alijinyoosha kidogo pale alipokaa.

Baada ya kustaafu alilima pamba na dengu. Mama akafariki. Halafu asubuhi moja baba akaanguka shambani, na alipoinuliwa upande wake wa kushoto ulikuwa umelegea. Mguu ulirudi polepole. Mkono ulikataa. Nikamleta kwangu Bariadi, ambako natengeneza simu na redio katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Chumba cha nyuma, chenye dirisha linaloangalia uani, nikampa yeye.

Dada wa mazoezi ya viungo pale hospitali alimpa mpira laini wa kubinya kwa mkono wa kushoto, asubuhi na jioni. Baba alimsikiliza kwa heshima zote. Tulipofika nyumbani akauweka mpira dirishani.

"Mayu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nilipokuwa mtoto, yaani mama kwa Kisukuma, kwa kuwa nina jina la mama yake, "mimi si wa kuchezea mpira."

Ukakaa dirishani miezi. Na yeye akakaa karibu nao, mkono umelala pajani, akisikiliza redio ambazo wateja wangu walikuwa hawajazifuata.

Mimi hununua vifaa vibovu Lamadi, kwa mzee mmoja anayeuza mizigo ya mitumba kandokando ya barabara kuu: simu zilizokufa, redio, chaja, chochote chenye waya. Siku moja, chini ya rundo la rimoti, nikakuta boksi la kadibodi limefungwa kamba. Ndani kulikuwa na kichwa cha treni kirefu kama kiganja changu, mabehewa machache, na vipande vingi vya reli. Vilikuwa vya chuma kweli, vimekaa juu ya mataruma ya plastiki. Muuzaji hakujua ni nini. Aliniongezea tu, kwa kuwa nilikuwa nimechukua mzigo mkubwa.

Nilipolimwaga boksi kitandani kwa baba, alizima redio mwenyewe.

Hakukigusa kichwa cha treni kwanza. Alianza na reli. Akazipanga kwa mkono wa kulia, moja moja, akizigeuza na kuzipima kwa jicho. Mimi nilidhani tutafunga duara na mambo yaishe. Yeye akatikisa kichwa.

"Kona ni nyingi mno kwa duara," akasema. "Hii ilikuwa nane. Treni inazunguka huku, inakata katikati, inazunguka kule. Ila makutano yenyewe hayamo. Yamepotea."

Ilikuwa kweli. Tulipoziunganisha zote juu ya mbao pana niliyoiweka juu ya meza, tukapata namba nane yenye tundu tumboni. Pale ambapo njia mbili zilitakiwa kukatana hapakuwa na kitu.

"Basi tutayatengeneza," nikasema.

"Makutano ni kazi," baba akasema. "Hata ya kweli, mafundi waliyaogopa."

Hapo ndipo nilipojikuta nimeingia kwenye shughuli iliyonichukua kipindi chote cha kiangazi.

Kwenye treni hizi ndogo umeme unapita kwenye reli zenyewe. Reli moja inabeba chanya, nyingine hasi, na kichwa cha treni kinauokota umeme kwa magurudumu yake. Ni jambo rahisi mpaka njia mbili zikatane. Pale kwenye makutano, kila reli ya njia hii lazima ivuke reli zote mbili za njia ile. Sehemu nne zinagusana. Mbili kati ya hizo hazina ugomvi, chanya inakutana na chanya, hasi na hasi. Lakini mbili zilizobaki ni chanya juu ya hasi, na vyuma vikigusana hapo inapiga shoti.

Hilo nililijua kabla ya kuanza, na nilijiona nimeshamaliza kazi kichwani. Nilikata vipande vyembamba vya bodi za simu mbovu, zile zenye ngozi ya shaba juu, nikavilaza chini kama mataruma. Baba akachonga reli kwa tupa. Mkono wa kulia ulisukuma tupa; wa kushoto, kwa mara ya kwanza tangu augue, ulitakiwa ushikilie kitu. Reli zilimponyoka zikaanguka chini, akaziokota, zikamponyoka tena. Mimi niliinamia bodi zangu. Nilikuwa nimejifunza kwamba ukimsifu baba kwa jambo dogo anaacha kulifanya.

Nikalehemu reli juu ya vile vipande, na pale kwenye ugomvi nikaacha mianya ili vyuma visigusane. Tukaunganisha betri ya pikipiki niliyokuwa naitumia kupimia redio, kupitia kisanduku cha kupunguza na kuongeza mwendo. Fyuzi ikakatika palepale. Nikaweka nyingine. Ikakatika.

Nilipopita na mita ya kupimia umeme ilipiga mlio: chanya na hasi bado zinaongea. Tatizo lilikuwa chini ya reli: nilipokwangua shaba kutenganisha pande mbili, niliacha uzi mwembamba usioonekana ila kwa lenzi ya simu. Nikaukwangua. Mita ikanyamaza. Baba, ambaye alikuwa hajawahi kunitazama nikifanya kazi kwa muda mrefu hivyo, akauliza, "Kumbe hicho kidude kikinyamaza ndiyo vizuri?"

"Hapo, ndiyo vizuri."

"Sawa. Wengine wote duniani wakinyamaza tunaogopa."

Treni ikaondoka. Ikazunguka upande wa dirisha, ikaja kwenye makutano, ikafa. Ilisimama katikati kabisa kama ng'ombe aliyekataa kuvuka barabara. Sababu niliiona upesi: pale nilipoacha mianya, kulikuwa na vipande vya reli visivyo na umeme kabisa, na kichwa chetu ni kifupi. Magurudumu yake yakikaa hapo hayaokoti kitu. Baba akakisukuma kwa kidole. Kikaenda, kikarudi kwa njia ya pili, kikafa tena palepale. Akakisukuma tena. Kisha akavuta kidole chake nyuma.

"Treni haisukumwi kwa kidole," akasema, na akaenda kukaa kitandani.

Ile kauli iliniuma kuliko nilivyotegemea. Niliacha simu za wateja mezani siku ile, nikachukua karatasi nikaanza kuchora.

Jibu lilikuwa kwamba vile vipande vilivyokufa vipewe umeme, ila siyo umeme wa aina moja wakati wote. Treni ikija kwa njia ya dirishani, vifuate njia ya dirishani. Ikija kwa njia ya upande wa pili, wa mlangoni, vibadilike vifuate ya mlangoni. Swichi yenye miguu mingi ingefanya kazi hiyo, na nilikuwa nayo, ya kuzungusha, kutoka kwenye amplifaya ya kanisa iliyoungua, ambayo nilipewa nichukue mabaki yake. Nikaifunga chini ya mbao. Kwa juu nikaiwekea mkono wa nondo nyembamba wenye kifundo cha mti, ili baba aweze kuushika.

Alipouona alisimama. "Umenitengenezea wenzo," akasema.

Aliusogeza huku na huku. "Mwepesi mno. Wenzo mwepesi unajisahau." Nikaongeza springi. Akajaribu tena, akasema bado. Nikaongeza nyingine ngumu zaidi, mpaka mimi mwenyewe nikawa nauvuta kwa nguvu. Hapo akaridhika. Halafu, bila kunieleza, akazunguka akakaa upande wa pili wa meza, ili wenzo uwe upande wa mkono wake wa kushoto.

Siku zile za kwanza mkono ule ulihitaji msaada wa ule wa kulia. Treni ilizunguka, na kila ilipokaribia makutano alitakiwa awe amekwisha kuvuta. Mara nyingi aliwahi. Alipochelewa, magurudumu yalipanda kwenye vipande vilivyokuwa bado vya njia nyingine, shoti, fyuzi inakatika, na kimya. Uso wake ulibadilika kila mara. Mtu aliyefanya kazi miaka yote ile bila kukosea, sasa alikuwa akikosea mara kadhaa kabla ya chai ya saa nne.

Kwa hiyo nikaamua kumsaidia, kwa ufundi ambao hadi leo nikiufikiria najipongeza. Kava nyingi za simu zina sumaku ndogo. Ukilifunga kava, kioo kinazima chenyewe. Nikabandika sumaku ya namna hiyo chini ya kichwa cha treni. Kwenye kengele mbovu ya kuzuia wezi dirishani nikatoa vijibomba vya kioo vyenye vyuma viwili ndani, ambavyo sumaku ikipita vinagusana. Nikavificha katikati ya reli, kimoja kabla ya makutano upande huu, kingine upande ule, na kuviunganisha na rilei, swichi inayogeuzwa na umeme badala ya mkono. Treni ikija, inajifungulia njia yenyewe. Nikawasha. Ikazunguka, ikavuka, ikazunguka, ikavuka, bila kusita na bila mkono wa mtu. Jirani yangu mwenye saluni alikuja kuangalia akapiga vigelegele.

Baba alisema, "Wabeja, mayu." Asante. Akatazama kidogo, akarudi kitandani, akawasha redio.

Siku iliyofuata sikumkuta mezani. Wala siku ya tatu. Treni ilikuwa inafanya kazi kikamilifu na hakuna aliyeiwasha. Mkono wake ulikuwa umelala pajani kama zamani. Jirani wa saluni ndiye aliyeniambia, akiwa amesimama mlangoni kwangu na kitana mkononi: "Umemstaafisha mara ya pili huyo mzee."

Nikaingia chumbani kwake nikakaa kwenye kigoda. Nikamuuliza jambo ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzoni kabisa.

"Baba, kule kazini, mtu akichelewa kuvuta wenzo, treni inafanyaje? Inaingia tu?"

Akazima redio. "Haiingii. Kuna ishara kabla ya makutano. Wenzo wangu na ishara vimefungwa pamoja. Kama sijaipa njia, ishara yake ni ya kusimama. Dereva anasimama, anapiga honi, anatutukana, lakini anasimama. Kuchelewa ni aibu. Siyo ajali."

"Na ukivuta wakati treni iko juu ya makutano?"

"Treni ikiwa juu, wenzo haushikwi," akasema kwa ukali, kama vile ningeweza kufanya hivyo. "Unasubiri behewa la mwisho."

Nilitoka mle chumbani nikiwa nimeshaiona kazi yote. Nikang'oa rilei na vijibomba. Nikarudisha wenzo na springi zake. Kisha, kabla ya makutano, kwenye kila njia, nikakata reli moja nikatenga kipande kirefu kuliko kichwa cha treni, na kipande hicho nikakipa umeme kupitia ile swichi ya wenzo peke yake. Ilikuwa na miguu ya ziada ambayo sikuwa nimeitumia. Wenzo ukielekea dirishani, makutano yanafuata njia ya dirishani na kipande cha dirishani kinapata umeme. Cha mlangoni kinakuwa kimekufa. Ukigeuzwa, mambo yote yanageuka pamoja. Treni isiyopewa njia haiwezi kufika kwenye shoti, kwa sababu inazimika kabla haijafika.

Hakikuongezeka kifaa hata kimoja. Vilipungua. Nilikaa nikaitazama ile kazi chini ya mbao, waya zimepangwa, hakuna unaovuka mwenzake bila sababu, nikajisikia vizuri kiasi kwamba nilimwita baba aje aangalie chini ya meza. Aliinama kwa shida, akashikilia mguu wa meza, akatazama muda mrefu vitu asivyovielewa.

"Pasafi," akasema.

Akaketi mahali pake. Treni ikaja na yeye kwa makusudi hakuvuta. Ikasimama kabla ya makutano, sawasawa na pale ambapo ishara ingekuwepo. Baba akaiacha pale. Akakuna kidevu. Kisha akauweka mkono wa kushoto kwenye kifundo, akavuta, na treni ikaondoka ikavuka. Alicheka kwa sauti. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu msiba wa mama.

Palibaki kasoro moja. Treni ilipovuka ilishtuka kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba, na mimi sikuweza kuiacha hivyo. Mita haikuonyesha kitu. Nikafunga dirisha na pazia mchana kweupe, chumba kikawa na giza, nikaendesha taratibu. Cheche ndogo ya bluu ikaruka kwenye ncha ya reli. Gurudumu lilikuwa pana. Lilipopita kwenye ncha ile, liligusa reli mbili kwa mpigo, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Mwanya hauwezi kupanuliwa zaidi, gurudumu litatumbukia. Kilichotakiwa ni kitu chembamba, kigumu, kisichopitisha umeme, cha kupaka kwenye ncha tu.

Nikaenda saluni. "Naomba rangi ya kucha."

Jirani akatazama mikono yangu, ambayo ina makovu ya lehemu na haijawahi kuona rangi. "Hatimaye!" akasema. "Rangi gani?"

"Yoyote. Ni ya reli."

Alinifuata kuhakikisha. Akaipaka mwenyewe, kwa sababu mkono wake ni mzuri kwa vitu vidogo kuliko wangu: tone jekundu kwenye kila ncha. Tulisubiri ikauke. Treni ikavuka ikiwa laini kama inapita kwenye mafuta, na pazia likiwa limefungwa hatukuona cheche yoyote. Tangu siku ile huwaambia wateja wake kwamba yeye pia ni fundi reli.

Habari zikafika Malampaka, sijui kwa mdomo wa nani. Jumapili moja baada ya ibada akaja mzee mrefu mwenye kofia ya pama na fimbo, amepanda basi kutoka huko asubuhi. Alikuwa stesheni masta wa baba miaka ya mwisho ya kazi. Walisalimiana Kisukuma kwa muda, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za waliofariki, kabla yeyote hajataja treni. Ndiyo desturi, na mimi nilisimama na sinia la chai nikivumilia.

Hatimaye akaketi mbele ya meza. Baba akakaa upande wake. Nikawasha.

Mzee alitazama mizunguko kadhaa. Baba alikuwa akivuta kwa mkono wa kushoto, bila msaada wa ule mwingine, kwa utulivu, kila mara baada ya behewa la mwisho kutoka. Nilikuwa nimeuona mkono ule ukifanya hivyo kwa wiki nyingi, nikauzoea. Mgeni hakuwa ameuzoea. Niliona macho yake yakiacha treni yakaenda kwenye mkono, yakabaki huko.

Kisha akawa stesheni masta. "Usimpe njia," akamwamuru baba.

Baba akaondoa mkono kwenye wenzo. Treni ikazunguka, ikaja, ikasimama. Mzee akaegemea mbele, akaangalia reli, akaangalia makutano, akatafuta ni nini kilichoisimamisha. Hakuna kilichoonekana.

"Nani ameisimamisha?"

"Wenzo," baba akasema. "Umefungwa pamoja na ishara. Kama kazini."

"Nani aliyeufunga?"

Baba akajinyoosha pale alipokaa, vile vile alivyojinyoosha zamani alipotuambia kwamba hajawahi kuvuta vibaya. Kwa mkono wa kulia akanionyesha mimi, niliyekuwa nimesimama na sinia.

"Ng'wana wane," akasema. Mwanangu. Halafu akaendelea kwa Kiswahili, ili nami nisiwe na kisingizio cha kutosikia vizuri: "Amefunga yote mwenyewe. Chini ya mbao pasafi. Inama uone."

Na yule mzee mwenye pama, ambaye baba alimtii miaka yote ile, akaweka fimbo chini, akapiga magoti kwenye sakafu yangu ya saruji, akaangalia chini ya meza. Aliuliza waya huu ni wa nini, na ule. Nikapiga magoti karibu naye nikamweleza: huu wa dirishani, huu wa mlangoni, hapa ndipo vinapobadilishana. Alielewa upesi. Alipoinuka alikung'uta magoti na kunipa mkono, kama mtu anavyompa mkono mfanyakazi mwenzake.

"Sasa mpe njia," akamwambia baba.

Wakaiendesha mpaka chai ikapoa. Mzee alianza kuamuru treni za kweli kwa majina ya zamani: ya pamba, ya abiria, ya mafuta. Baba akajibu kila amri kwa kuirudia kwa sauti, kama sheria yao ilivyotaka, na kuvuta. Mimi nilirudi chumba cha mbele kumalizia simu ya mteja, lakini niliacha mlango wazi. Kutoka kule nilisikia vizuri sana sauti za wazee wawili, springi ikikaza na kulegea, na magurudumu yakivuka makutano yangu bila kushtuka.

Siku hizi mwalimu wa fizikia wa sekondari jirani ameomba tuipeleke meza shuleni, wanafunzi waone. Baba amekubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeshika wenzo, na kwamba mwanafunzi yeyote atakayetaka kujaribu lazima kwanza ajifunze kurudia amri. Tunatafuta pikapu ya kubebea mbao. Na juzi nilimkuta na tupa mkononi, anachonga reli nyingine, ameibana kwa vidole vya kushoto. Nilipomuuliza ni ya nini, akasema njia moja haitoshi stesheni, anataka ya kupishania, kwa hiyo nianze kufikiria umeme wake.

Nimeshaanza kuuchora.